Studio ya barazani

"Mbona umenitoa kiza?" mzee aliniuliza, simu yangu mkononi mwake, miwani ameisukuma juu ya paji la uso. "Ukuta umetoka. Kanzu imetoka. Mimi simo."

Hakukosea. Ilikuwa saa tano asubuhi, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwenye kichochoro kimoja cha Mkunazini, nami nilikuwa nimemsimamisha mbele ya ukuta uliopakwa chokaa siku chache nyuma, jua limeupiga wote. Niliona ukuta mweupe, kanzu nyeupe, kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono, nikajiambia leo nimepata. Nilichopata ni kanzu inayong'aa na doa jeusi pale panapotakiwa kuwa na uso.

"Kaa kitako," akasema, akisogea kunipisha barazani. "Zamani ukienda studio, robo saa nzima mtu hajaigusa kamera. Anakuweka, anakugeuza kidevu, anakutia maneno. Kisha anapiga moja. Wewe umeshapiga kumi na jina langu hujaniuliza."

Nilikaa. Kahawa ikaja na kashata. Mengi ninayoyajua leo kuhusu kupiga picha za watu safarini yalianzia kwenye lile baraza la saruji. Nayaandika kwa ajili ya yeyote anayepanga kwenda Unguja, Lamu, Bagamoyo au Pangani likizo hii, akiwa na simu mfukoni au kamera shingoni, ambaye hataki kurudi na picha mia nne za milango.

Studio aliyoisema mzee si hadithi. Mji Mkongwe una historia ndefu ya wapiga picha. Mwishoni mwa karne ya 19 walikuwapo Wagoa, akina Gomes na akina Coutinho, wakipiga picha masultani, wafanyabiashara na bandari. Mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, ambayo mwanawe Rohit aliiendeleza baada yake, na vizazi vya Wazanzibari vikakaa mbele ya lenzi zao: maharusi, mabaharia, watoto wa chuoni, wanawake wa Kihindi na wa Kiarabu na wa Kiswahili katika nguo zao za sikukuu. Tazama picha za enzi hizo. Nyuso zinaonekana. Mtu mweusi hakutoka kiza, na filamu ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, na kamera haikuwa na akili yoyote zaidi ya ya mwenyewe aliyeishika.

Walijua nini tusichokijua? Walijua kwamba kamera ni kipofu wa maana. Haitofautishi uso na ukuta. Inachofanya ni kupima mwanga wote uliomo kwenye fremu na kutaka jumla yake iwe kijivu cha katikati, si nyeupe wala si nyeusi. Ukiipa ukuta mweupe na kanzu nyeupe, inadhani mwanga umezidi, inaubana. Ukuta unashuka kuwa kijivu na uso uliokuwa mweusi tangu mwanzo unazama. Ukifanya kinyume, ukampiga mtu mweusi uso umejaa fremu au mbele ya mlango wenye giza, inadhani mwanga hautoshi, inauongeza, na uso unatoka rangi ya majivu. Yote mawili si kosa la ngozi ya mtu. Ni hesabu.

Dawa yake kwenye simu ni kidole kimoja. Gusa uso kwenye kioo na ushikilie kidogo mpaka simu ijifunge hapo. Simu nyingi zitakuonesha alama ya jua pembeni. Ipandishe au ishushe kwa kidole hadi uso uwe kama unavyouona kwa macho yako, hata kama ukuta nyuma yake utaungua. Wacha uungue. Hakuna aliyekuja kuangalia ukuta. Mwenye kamera kubwa ana kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa: mbele ya ukuta mweupe ongeza hatua moja au moja na nusu, mbele ya giza punguza. Nimeona watu wenye kamera za mamilioni ambao hawajawahi kukigusa kitufe hicho.

Hesabu hiyo, lakini, ilipindishwa pia na watu. Kwa miaka mingi Kodak ilizisambazia maabara za kuchapisha picha kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyokuja kuitwa kadi ya Shirley kwa jina la mwanamke wa kwanza aliyepigwa picha. Fundi akimpata Shirley sawasawa, mashine iko sawa, na ngozi nyingine zijitegemee. Simu zimeurithi ugonjwa huo, na kuanza kuutibu ni jambo la juzi tu. Tecno walijipatia soko Afrika kwa sehemu kwa kutengeneza kamera zinazoijali ngozi nyeusi. Google wakatoa teknolojia yao kwa jina la Real Tone mwaka 2021. Ni hatua. Lakini kagua kwanza simu yako kama haina kitu kinachoitwa urembo, kile kinacholainisha na kung'arisha uso bila kuulizwa. Kizime. Shangazi yangu wa Tanga alirudi kutoka harusini na picha ambayo hata wanawe walimuuliza ni nani yule, na yeye, Mungu amsamehe, aliipenda.

Turudi barazani. Mzee alipomaliza kikombe cha pili alinyanyuka mwenyewe, akaingia hatua moja ndani ya mlango wake, akageuka. "Sasa jaribu." Nikatazama, na nikaona kitu ambacho ningepaswa kukiona saa nzima iliyopita. Kichochoro cha Mji Mkongwe ni chembamba, nyumba zake ndefu, mbingu inabaki kama utepe juu. Jua halifiki mlangoni moja kwa moja. Linaupiga ukuta wa upande wa pili, na ule ukuta mweupe ulioniharibia picha ya kwanza sasa ndio ulikuwa taa. Mwanga ulirudi kutoka kwake laini, mpana, ukamwangukia mzee ubavuni mwa uso. Nyuma yake ukumbi ulikuwa giza tupu, pazia jeusi la bure. Kwenye kila jicho palikuwa na kitone cheupe, na kitone hicho ndicho kinachofanya mtu aonekane yu hai. Kikikosekana, macho huwa kama ya samaki wa jana.

Ndiyo sababu nasema baraza ni studio. Waliojenga miji ya pwani hawakuwafikiria wapiga picha, walitaka kivuli na mahali pa kupokea wageni wasioingizwa ndani. Lakini kivuli kinachotazamana na ukuta unaopigwa jua ndicho kitu ambacho mwenye studio hukinunua kwa taa na miavuli. Tafuta hicho kwanza, kabla hujamtafuta mtu. Nje ya Mji Mkongwe pia kipo: chini ya mwembe wenye uwanja mkavu mbele yake, mlangoni mwa duka, chini ya paa la makuti, ndani ya daladala karibu na dirisha, mradi mtu ageukie kule mwanga unakotoka. Ukimpata mtu mahali pabaya, mwombe asogee hatua mbili. Hatua mbili zimeokoa picha nyingi kuliko lenzi yoyote ninayoijua.

Na ngozi nyeusi ina siri ambayo vitabu vingi vya Ulaya havikuiandika. Uso mweupe huchorwa na vivuli; uso mweusi huchorwa zaidi na mng'ao. Mwanga mpana wa pembeni unapoteleza juu ya shavu, taya na daraja la pua, umbo lote linajitokeza, hata kama sehemu kubwa ya uso iko kwenye giza. Flashi ya simu inayolipuka usoni inaua hilo: inaacha mabaka meupe kwenye paji na pua, kama mtu aliyetoka kupakwa mafuta. Usiitumie. Jasho likizidi, mpe mtu leso ajifute mwenyewe, lakini usimfute mng'ao wote. Mvuvi aliyetoka baharini anang'aa kwa sababu ametoka baharini.

Kuna pia suala la umbali, ambalo nitalipitia haraka. Lenzi kuu ya simu ni pana. Ukimkaribia mtu ili uso ujae, pua inavimba na masikio yanakimbilia nyuma. Rudi nyuma hatua mbili, tumia lenzi ya kuvuta kama simu yako inayo, na kama haina, piga kwa mbali kisha kata picha baadaye. Kwenye kamera, lenzi ya milimita 50 hadi 85 inatosha kabisa kwa nyuso. Lenga jicho lililo karibu nawe. Na kabla ya yote futa kioo cha lenzi ya simu kwa kitambaa, maana nusu ya picha zenye ukungu ninazoletewa nizitazame hazina tatizo jingine zaidi ya mafuta ya chipsi.

Wakati. Vitabu vya ughaibuni vinasifu saa ya dhahabu, ile baada ya jua kuchomoza na kabla ya kuzama. Huko kwao, hasa wakati wa kiangazi, jua linashuka kwa mshazari na dhahabu inadumu. Kwetu jua linashuka kama nazi. Tuko karibu na mstari wa Ikweta. Kile wanachokiita saa, sisi ni nusu saa hivi, na likishazama giza linaingia ndani ya dakika ishirini na kitu. Kwa hiyo usianze kumtafuta mtu wako saa kumi na mbili jioni. Mpate saa kumi na moja, ongea naye, jua pa kumweka, kisha subirini dhahabu pamoja. Mchana nao si wa kutupwa, lakini ujue unashindana na nini. Zanzibar iko takriban nyuzi sita kusini mwa Ikweta, hivyo mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita na kitu linakaa wima kabisa juu ya kichwa. Macho yanakuwa mashimo, kofia inaufunika uso wote. Saa hizo ni za ndani: jikoni, msikitini kama umeruhusiwa, karakana ya seremala, kinyozi.

Kinyozi hasa. Sijui kwa nini wasafiri hawaendi. Kuna kioo kikubwa, kuna taa, kuna mteja aliyekaa ametulia asiye na pa kwenda, na kuna picha za mitindo ya nywele zilizopakwa ukutani. Simama pembeni ili wewe usionekane kwenye kioo, mwache kinyozi afanye kazi, na utapata nyuso mbili ndani ya fremu moja, mmoja akitazama na mwingine akitazamwa. Lakini nyolewa kwanza. Ni shilingi chache, na baada ya hapo wewe si mgeni mwenye kamera, ni mteja.

Sasa niseme lile ambalo ndilo zito. Pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, wanawake wamelima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Maji yakitoka wanaingia baharini na kamba na vijiti vyao, na kila siku yupo mtalii anayetembea nyuma yao akiwapiga kwa lenzi ndefu kama anapiga ndege. Nimesimama kando nikamsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Huyu mgongo wangu anaupeleka wapi?" Hakujibiwa, kwa sababu aliyepiga hakujua Kiswahili. Sisi tunaojua tuna udhuru gani?

Unaanza kwa salamu, si kwa kamera. Shikamoo kwa anayestahili shikamoo, asalaamu aleikumu pale inapostahili, na "hodi" hata kama hakuna mlango. Unangoja kuitikiwa. Unaulizwa unatoka wapi, unajibu, unauliza mavuno. Hapo ndipo unasema, "Mama, naomba kukupiga picha, unaniruhusu?" na unamwambia ya nini. Akikataa, umekataliwa, asante na kwaheri, usimvizie akigeuka. Wapo wanawake wa Kiislamu wasiotaka sura zao zitoke mbele ya wasiowajua, na hilo halihitaji maelezo. Wapo watakaokubali mikono ipigwe na si uso, na mikono iliyoshika mwani kwa miaka thelathini ni picha ya mtu kamili.

Kuhusu fedha, wenzangu wanabishana. Mimi nanunua. Nanunua kahawa, sabuni ya mwani, samaki; nanyolewa. Silipi kwa picha yenyewe isipokuwa mtu anafanya kazi hiyo, kama wale vijana wa Kimasai wanaotembea ufukweni wakijua fika wanapigwa. Huyo ni mfanyabiashara, mpatane bei kabla. Mtoto simpigi bila mzazi au mlezi kusikia, na simpi peremende ili atabasamu.

Na iko sheria. Nchini Kenya, ambako Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya mwaka 2019, kamishna wa ulinzi wa data aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 mwaka 2023 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Shule moja nayo ikatozwa zaidi ya milioni nne kwa picha za watoto. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na makazi ya viongozi usiyaelekezee hata simu, eti kwa sababu machweo ni mazuri.

Nikirudi kwa wale kina mama wa mwani, kuna zawadi iliyofichwa kwenye kazi yao. Maji hutoka mbali zaidi siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, na siku hizo kwenye pwani yetu kupwa kwa mchana huangukia saa nne asubuhi hivi. Jua limeshapanda, ungetarajia vivuli vibaya. Lakini mchanga ulioloa na maji ya kifundo cha mguu yanageuka kioo. Yanarudisha mwanga kutoka chini na kujaza macho yaliyo chini ya mtandio au kofia ya ukili. Piga magoti, shuka usawa wa uso wake au chini kidogo, upate kioo hicho na mbingu nyuma. Utalowa. Simu iweke kwenye mfuko wa plastiki ukimaliza, na uifute chumvi kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, kwani chumvi haina huruma. Onyo jingine la pwani: ukitoka chumba chenye kiyoyozi kuingia kwenye unyevu wa nje, lenzi inafunga ukungu papo hapo. Iache ndani ya mfuko uliofungwa nusu saa ipate joto.

Watu huniuliza kuhusu ubunifu, kana kwamba ni programu ya kupakua. Omar Said Bakor wa Lamu alikuwa na mkasi. Katika studio yake kisiwani alikata nyuso za wateja akazipandikiza kwenye maua, akazifanya ndoto, miaka mingi kabla ya kompyuta kumfikia mtu wa kawaida. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walichora meli na ndege na majumba kwenye mapazia, na kibarua aliyetoka bara akapigwa amesimama mbele ya safari ambayo hajawahi kuisafiri. Wote walianza na swali lile lile: huyu mtu angependa kuonekana vipi? Muulize. Nilimuuliza muuza urojo mmoja wa Forodhani, bustani ya pwani ya Mji Mkongwe, akaenda kubadilisha shati na kurudi na redio ya baba yake. Sikuwa nimeifikiria redio.

Forodhani yenyewe, usiku, ni studio ya pili. Taa za meza za wauzaji ziko chini, karibu na nyuso, na moshi wa mishikaki unaonekana ukisimama mahali taa iko ng'ambo yake. Simu hupungukiwa mwanga na kutikisika, kwa hiyo iegemeze mezani au kwenye nguzo, na ungoje mpishi atulize mikono sekunde moja, pale anapomsikiliza mteja. Vijana wanaoruka baharini kutoka ukutani jioni wanahitaji kinyume chake: kasi, si chini ya 1/500 ya sekunde, na mwanga wa jua likiwa bado juu ya maji.

Usipige kila kitu. Chagua jambo moja kwa safari nzima, mafundi wa majahazi, wachezaji wa bao, wanaouza magazeti, na uwafuate hao tu. Siku tatu za wacheza bao zitakufundisha zaidi ya wiki ya milango.

Picha ya mzee wa Mkunazini ilitoka. Nilipiga tatu, nikaacha. Nikaichapisha kwa ukubwa wa karatasi ya daftari, nikampelekea wiki mbili baadaye na boti ya asubuhi. Aliitazama kwa muda, akaigeuza kuona nyuma kama nimeandika tarehe. Sikuwa nimeandika. Akatoa kalamu, akaiandika mwenyewe, akaniagiza nakala ya pili kwa ajili ya binti yake aliye Muscat.

Kama uliwahi kumwambia mtu "nitakuletea" baada ya kumpiga picha na hukumpelekea, faili lake bado limo kwenye simu yako. Lipeleke kwenye kibanda cha kuchapisha picha. Andika tarehe nyuma.